Mkate Usiotaka Kushuka

11 Februari

Bibi yangu,

Sikulia, na nitakataa mpaka mwisho! Wewe ndiye uliyesimama pale kituoni ukamwambia kila abiria kwamba mjukuu wako amelowesha nguo mpya kwa machozi, kumbe ni vumbi tu lililoniingia jichoni. Mume wangu alinipa leso yake. Bado ninayo, sijaifua, na usinicheke.

Shikamoo. Sisi hatujambo. Mume wangu (neno hili ninaliandika taratibu ili lisiishe upesi) anakusalimu na kusema wewe ndiye mke mkubwa, yeye hana ubishi. Mama mkwe hajambo, ila goti lake. Dukani wamenipokea vizuri, kaunta yangu ya rangi nimeikuta ilivyokuwa, na yule bosi wangu amesema nimepungua mpaka anaogopa nitatumbukia kwenye ndoo nikichanganya.

Sasa nikueleze nyumba. Vyumba viwili juu ya tanuri la mkate! Sakafu inakuwa na joto asubuhi, natembea pekupeku kama paka wa tajiri. Yeye anakuwa ameshashuka kazini, mimi naamshwa na harufu. Wanawake wengine wanaamshwa na kengele, Bibi. Mimi naamshwa na mkate wa mume wangu unaoiva.

Unajua jinsi tulivyopatana, lakini naomba niseme tena maana sina mwingine wa kumwambia, wote dukani wamechoka. Mimi nyuma ya kaunta ya rangi, yeye ng'ambo ya barabara. Kila nikipata mapumziko nilivuka kununua mkate wa moto, nikaula wote nikiwa nimesimama pale pale, na yeye akaniangalia kama mtu aliyesikia wimbo wake ukipigwa redioni. "Hakuna anayekula mkate wangu kama wewe." Hilo ndilo neno lake la kwanza la mapenzi. Wenzangu wanasifiwa macho!

Kuhusu kula, najua utauliza, bora nikutangulie. Ndiyo, tangu daktari aupunguze mfuko wangu wa chakula mwishoni mwa mwaka jana ukabaki mdogo kama ndizi, nakula kidogo. Lakini nakula. Nakula kila kitu, hata mkate. Nilimwambia mume wangu kwamba sasa nimeruhusiwa vyote, akafurahi akaninyanyua juu. Na Bibi, sasa ananiweza!

Je, wewe? Unapika nini siku hizi, mtu mmoja na masufuria yote yale?

Ni mimi niliyeolewa, kabisa kabisa,
Bonge wako (mwili umeondoka, jina libaki)


27 Februari

Mke mwenza,

Marahaba. Nimepokea barua yako na kuisoma mara mbili, ya kwanza kwa miwani na ya pili kwa kicheko. Huku kwema. Paa limezibwa. Kazi ya kushona sare ipo, shule zimefunguliwa tangu Januari na kila mzazi amegundua leo hii kwamba mtoto wake amerefuka. Gauni langu la kazi limelegea kwa kufuliwa, nimelipunguza kiunoni.

Mume wetu msalimie. Mwambie mke mkubwa anataka kujua kwa nini barua nzima imejaa tanuri lake, maneno yake na leso yake chafu, na chakula kimepata mistari michache tu, tena yote imetiwa chumvi.

Usinipige chenga, mama. Umesahau ni nani aliyekuuguza? Mimi ndiye niliyekuchujia supu kwa kitambaa cha bitana ulipokuwa hujaruhusiwa hata uji mzito. Mimi nilikaa nawe ulipolilia yai la kuchemsha, nikakupa, ukala nusu, ukajiegemeza ukutani ukasema umeshiba kama mtu aliyetoka harusini. Na yule kuku je? Ulimeza kipande bila kutafuna kwa sababu simu ya mchumba ililia. Ukainamia sinki umeshika kifua, povu la mate linakutoka, na yeye bado kwenye simu anasema "haloo mpenzi, mbona kimya?" Nikamjibu mimi kwamba mpenzi amezidiwa na mapenzi.

Kwa hiyo usiniambie kila kitu. Mtu anayekula kweli huandika: jana nimekula samaki, leo maharage. Anayeandika "kila kitu" hajala kitu.

Chukua tepu niliyokufungia kwenye sanduku. Pima mkono juu ya kiwiko, pima kiuno, uniandikie. Sketi zako za kazi nilizikata kwa kipimo cha harusi, na mimi sitaki aibu ya sketi ya mjukuu wangu kumwanguka mbele ya wateja wa rangi. Ila kama itaanguka mbele ya mume wetu, hiyo hainihusu.

Bibi yako, ambaye macho yake yamechoka lakini hayajafumbwa


30 Machi

Bibi mwenye macho mpaka huku,

Shikamoo nyingi. Nimechelewa kujibu, na sababu ni tepu. Niliitafuta sanduku zima. Halafu nikaipata, halafu nikaipoteza tena. Ndivyo ilivyokuwa.

Hatujambo. Mama mkwe anatembea na fimbo mpya na anaitumia zaidi kunyooshea watu kuliko kutembelea. Dukani tumepata mashine mpya ya kutikisa rangi, inanguruma kama lori. Na mume wangu, Bibi, juzi aliandika jina langu kwa unga juu ya meza ya kukandia, halafu akashindwa kulifuta, akafanya kazi pembeni asubuhi nzima. Sasa mtu kama huyu utamfanyaje?

Ngoja nikueleze asubuhi zetu. Akishatoa mikate ya kwanza anapanda ngazi na mmoja kifuani, ameufunika kwa taulo kama mtoto mchanga. Tunakaa dirishani, kiti kwa kiti. Hatumii kisu, anasema kisu kinauumiza. Anaupasua kwa mikono, mvuke unatoka, na ule ulaini wa ndani kabisa ananipa mimi. Yeye anabaki na maganda. Ananipa ulaini wote, Bibi! Maganda yeye!

Na ule ulaini ndio unaoniua.

Haya, nimesema. Tonge la kwanza linapita likiwa halina neno. La pili likifika chini linajikandika upya, linakuwa unga mbichi, linaziba hapa katikati ya kifua kama kabati lililokwama mlangoni. Haliendi mbele, halirudi. Mate yanajaa mdomoni, jasho linanitoka, na mimi natabasamu. Samaki anashuka. Maharage ya kuponda yanashuka. Maziwa ya mgando yanashuka huku yakiimba. Mkate haushuki, Bibi, hasa ukiwa mpya, na wa mume wangu daima ni mpya, ndiyo sifa yake mji mzima.

Nimepata mbinu. Nikitafuna, namsubiri ageuke kumimina chai, tonge linahamia kwenye leso. Ndege wa paa la jirani wamenenepa mpaka wanaruka kwa shida. Ila siku nyingine hageuki, ananiangalia tu kwa yale macho, na mimi nameza. Siku kama hiyo siwezi kuweka kitu kingine tumboni mpaka mchana. Wiki iliyopita nilishikwa na kizunguzungu mbele ya mashine ile mpya. Mteja alitaka rangi ya maziwa kwa sebule yake, akaondoka na ya waridi. Amerudi jana kusema mkewe ameipenda, kwa hiyo Mungu yupo. Lakini na nywele zinatoka, nazikuta kwenye kitana asubuhi.

Utaniambia nimwambie. Nimwambie nini? Yeye alimpenda mwanamke aliyekuwa anamaliza mkate wake mzima akiwa amesimama. Yule mwanamke nilimwacha hospitali. Nikisema mkate wake unanirudi, atabaki na nini cha kunipendea? Usinijibu haraka. Fikiri kwanza.

Vipimo nitatuma barua ijayo. Na hukuniambia unapika nini.

Bonge, mwenye furaha kweli kweli, usiwe na shaka


12 Aprili

Mke mwenza mjinga wangu,

Marahaba. Umesema nisijibu haraka, nimejibu haraka. Huku kwema, mvua imenyesha, cherehani imepata mkanda mpya.

Sebule ya waridi imenivunja mbavu mpaka sindano ikanichoma kidole. Nilipomaliza kucheka nikasoma tena pale kwenye kitana, kicheko kikaisha.

Sikia. Ulipokuwa mnene ulikuja kwangu ukaniuliza, Bibi, atanipenda nikiwa hivi? Ulipopungua ukaniuliza, Bibi, atanipenda nikiwa hivi? Yule kijana amekaa palepale alipokuwa, hajasogea hata hatua. Wewe ndiye unayemzunguka na kuuliza, mpaka mimi mwenye kutazama nimeshikwa na kizunguzungu, na mimi sijakatwa chochote.

Unamlisha mumeo uongo asubuhi, kabla hata chai haijapoa. Na yeye anakulisha mkate. Kati yenu wawili sijui nani anayemlisha mwenzake kibaya zaidi. Nguo ikikubana huwezi kuivaa kwa kuzuia pumzi maisha yako yote. Fumua mshono. Mwambie. Kisha nenda kliniki ukawaambie nywele na kizunguzungu, usiende kuwatabasamia na wao.

Vipimo usihangaike, nimeshavisoma. Mtu mwenye vipimo vizuri hapotezi tepu.

Nakutumia masufuria yangu mawili makubwa na lile la wali kwa gari la mizigo. Nimeyazungushia vipande vya vitambaa yasigongane. Huku yananijazia kabati tu. Wewe una mume wa kupikia, hata kama mwenyewe unaonja kwa kijiko cha chai.

Mimi nimekula. Usiulize tena.

Bibi yako


2 Juni

Bibi yangu,

Shikamoo, na nisamehe. Nilikuwa nakusanya ujasiri, nikakusanya Aprili yote, na Mei ikapita nusu. Halafu haukuhitajika, mambo yakamwagika yenyewe. Kaa chini. Umekaa?

Jumapili moja mama mkwe alituita chakula cha mchana. Meza ilijaa, na katikati mkate wa mume wangu, wa moto, ameuleta mwenyewe kwapani. Mama mkwe akaniketisha ubavuni pake, na ule ubavu, Bibi, ni kituo cha polisi. Leso haikuwa na nafasi.

"Kula, mwanangu," akasema. "Mumeo ameuoka kwa mkono wake."

"Nakula, Mama."

"Hiyo si kula, hiyo ni kuonja. Chukua hiki."

Nikachukua. Nikatafuna, naye akatafuna na mimi kwa macho. Nikameza. Akanipa kingine. Nikaona ule ukuta unajengeka kifuani, jasho likaanza, nikasema samahani, nikakimbia uani. Nilikohoa, nikacheua, machozi, mate, kila kitu. Nilipojifuta na kurudi, nikapokelewa na vigelegele.

"Nilijua!" mama mkwe anapiga fimbo sakafuni. "Nilijua tangu siku ile alipokataa chai! Nina mjukuu!"

"Mama, subiri kwanza," mume wangu akasema.

"Nisubiri nini? Nimesubiri tangu ulipoota ndevu!"

Mume wangu akageuka rangi, akawa kama amemwagiwa unga wake mwenyewe. Unakumbuka daktari alituonya sote wawili kwamba nisishike mimba mapema baada ya upasuaji, mpaka mwili utulie, tena alituonya kwa kidole. Akanishika mkono akanipeleka uani, kwenye kamba ya nguo, tukasimama katikati ya mashuka ya mama yake.

"Ni kweli?" akaniuliza.

"Si kweli."

"Basi ni nini? Unaumwa? Wamekuambia kitu kliniki?"

"Mkate," nikasema.

"Mkate una nini?"

"Haushuki."

"Huu wa leo?"

"Wote. Tangu tuoane."

Akakaa juu ya beseni lililofunikwa kifudifudi. Akainamisha kichwa. Mabega yakaanza kutikisika, na mimi moyo ukanipasuka, nikajua nimemliza mume wangu siku ya Jumapili kwenye nyumba ya mama yake. Nikapiga magoti, nikamwinua uso. Alikuwa anacheka! Anacheka mpaka hawezi kuvuta hewa!

"Mke wangu," akasema, "mimi sipendi mkate."

"Unasema nini?"

"Sipendi. Naukanda, naunusa, naubeba, nauota. Ukiingia mdomoni ni kama natafuna kazi. Mimi mtu wa viazi."

"Na yale maganda yote?"

"Ganda linamezeka upesi."

"Sasa kwa nini ulikuwa unakula kila siku?"

"Kwa sababu wewe unaupenda! Nilisema moyoni, kama furaha yake ni mkate dirishani, basi nitatafuna mpaka uzeeni."

Fikiria hiyo, Bibi. Watu wawili wamekaa dirishani mwa nyumba yao mpya kila asubuhi, jua zuri, mapenzi tele, na kila mmoja anammezea mwenzake mkate asioutaka. Tulicheka mpaka shuka moja likaanguka. Halafu nikamwuliza lile jambo. Nikasema, yule mwanamke uliyemwangalia akimaliza mkate amekwisha, sasa utanipendea nini? Akaniangalia kama nimeuliza jua linatoka wapi.

"Wewe ulidhani nilikuwa nauangalia mkate?"

Bibi, nililia. Safari hii hakukuwa na vumbi.

Kisha akawa mkali, ndiyo mara ya kwanza nimemwona mkali, na anapendeza. Nilimwonyesha kitana. Kesho yake alifunga duka akanipeleka kliniki yeye mwenyewe, akakaa kwenye kile kiti kidogo, akauliza maswali mpaka mama wa lishe akamwuliza kama ni yeye aliyepasuliwa. Nilikemewa vizuri sana. Mkate mpya niuache kwanza, huenda baadaye uliokaushwa ukanikubali. Nianze na yai, samaki, maharage au nyama laini, kabla ya kitu kingine chochote, maana nafasi ni ndogo na chakula chenye nguvu ndicho kiingie mbele. Nitafune mpaka kiwe uji. Nisinywe katikati ya kula. Na vidonge vya madini na vitamini nisivifanye mapambo ya dirisha. Siku hizi asubuhi anapanda ngazi mikono mitupu, anapika mayai, yangu na yake, na yeye anaongeza viazi vyake na kuviangalia kwa huba mpaka naona wivu. Kizunguzungu kimekwisha. Nywele bado zinatoka, lakini chache.

Mama mkwe alinuna alipoambiwa hakuna mjukuu. Halafu akaleta supu ya samaki, ameiponda mwenyewe, akaiweka mezani kwa kishindo. "Basi kula," akasema. "Mjukuu atakukuta." Nampenda yule mwanamke, nimeamua.

Sasa upande wako. Masufuria yamefika, hayakugongana. Mume wangu alipoyaona akasema, "Mke mkubwa amehamia hotelini?" Alikuwa anatania. Mimi sikuweza kucheka. Lile la wali uliwanyima majirani, ulimnyima hata mama yangu alipoolewa, ulisema utazikwa nalo. Na lile gauni lako la kazi ni la pamba, Bibi. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba pamba ikifuliwa hunywea, hailegei. Nimekuuliza unapika nini, nimeuliza tena, ukanijibu nisiulize.

Nauliza. Leo umekula nini? Taja chakula, usiniambie umeshiba.

Bonge, ambaye sasa hana cha kuficha, na anataka mwenzake pia


20 Julai

Mjukuu wangu,

Marahaba. Nimeandika barua hii mara kadhaa nikaichana, ndiyo sababu ya ukimya. Sikuwa mgonjwa, kwa hiyo acha kumtuma dereva wa gari la mizigo kuja kunichungulia dirishani. Nilimwona. Anachungulia vibaya.

Nimefurahi umesema, na nimefurahi zaidi kwa yule mwokaji asiyependa mkate. Nilicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Mwambie nimemsamehe kukuoa. Mama mkwe wako mpe pole ya goti na ya mjukuu.

Sasa umeniuliza. Leo nimekula chai. Najua chai hailiwi. Kulikuwa na biskuti.

Si kwamba mikono imeshindwa kupika, mikono ni mizima. Miaka mingi nimeishi peke yangu, nikapika sufuria la mtu mmoja bila kulalamika, nilikuwa nimezoea. Halafu ukaja kupona, ukaniharibia mazoea. Nikawa na mtu wa kuchujia, wa kupondea, wa kupozea. Nyumba ikawa na saa ya kula. Nilikuwa nakupa vijiko vyako vinne vya supu, na mimi nakula sahani nzima mbele yako ili uone jinsi inavyofanywa, ukinitukana kwa macho. Sijawahi kula vizuri kama miezi ile uliyokuwa huli.

Ulipoondoka niliendelea kutia mchele wa watu wawili. Nikiona ule uliobaki, nasukuma sahani pembeni. Nikaona dawa ni kutopika. Ndiyo sababu masufuria yanakaa kwako, huku yalikuwa yananiangalia.

Ona basi maajabu. Amekatwa tumbo mjukuu, anayeshindwa kula bibi. Ukimsimulia mume wetu, subiri kwanza ameze, asije akapaliwa kwa kicheko.

Usije. Una kazi, una nyumba changa. Nitazoea tena, nipe muda.

Bibi


6 Agosti

Bibi yangu, mke mkubwa, mjanja wa biskuti,

Shikamoo. Umesema nisije, kwa hiyo tunakuja.

Nilimsomea mume wangu barua yako, akiwa ameshameza, kama ulivyoagiza. Hakucheka. Alishuka chini, akakata boksi la hamira, akaja dukani kwangu kuomba rangi, na sasa kuna tangazo kwenye kioo cha duka lake, jekundu, limechuruzika kidogo: TUTAFUNGA SIKU CHACHE, MKE MKUBWA ANATUHITAJI. Mji mzima unaniangalia kwa huruma. Wamama wawili wamenishika mkono wakaniambia nivumilie, ndivyo wanaume walivyo. Nimenyamaza tu, nafurahia.

Mimi nimeshapewa ruhusa. Bosi aliuliza nani mgonjwa, nikasema hakuna mgonjwa, kuna mtu anakula chai. Akaelewa. Mama yake mwenyewe alikuwa hivyo.

Usidhani nakuja kwa huruma, Bibi, nisikilize vizuri. Mama wa lishe anasema nile polepole sana, niweke kijiko chini kila baada ya tonge. Sasa mume wangu, jinsi ninavyompenda, anamaliza viazi vyake kabla sijafika kwenye ute wa yai. Halafu anakaa ananitazama, na nikitazamwa naharakisha, nikiharakisha kinakwama. Nahitaji mtu wa kuzungumza naye katikati ya matonge. Mtu mwenye maneno mengi, mwenye kusengenya kwa utulivu, asiye na haraka na sahani yake. Ni nani huyo, kama si wewe? Mwenzangu wa kula polepole ananihitaji, na mimi namhitaji vile vile, na hili silisemi ili kukupaka mafuta.

Na kuna neno jingine, nalisema haraka nikimbie. Kile chumba cha pili kina dirisha linaloangalia barabara, na mwanga wake asubuhi ungemfaa mtu anayetunga uzi. Mume wangu amepima mlango. Anasema cherehani inapita bila kufunguliwa miguu. Sijamtuma, amepima mwenyewe, kwa mkono wenye unga, alama bado ziko. Usikasirike. Usijibu sasa. Hilo tutalizungumza uso kwa uso, na ukikataa nitanuna kama mama mkwe, kisha nitaleta supu.

Mpaka tufike, kila siku chemsha yai moja. Lile la kuchemsha tu, halihitaji sufuria kubwa wala mtu wa pili. Ukae nalo mezani, si kwenye cherehani, na uwe umevaa miwani ili ulione. Ukila nusu, sitakucheka. Najua jinsi nusu inavyoweza kuwa chakula kizima.

Tutapanda gari la asubuhi Jumamosi ya mwisho, kabla mwezi huu haujaisha. Mezani pako tutafika na jua bado liko juu. Usipike chochote, Bibi, usihangaike na kitu. Wewe tandika meza tu, ukae. Njaa tutakuja nayo sisi: ya kwake kubwa, isiyo na adabu, ya kwangu ndogo, na ya kwako tutaitafuta hapo hapo, sote watatu.

Bonge wako